Batisi, mdaka wadudu wa mapori ya Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa waongozaji watalii wanaoanza kazi, wanafunzi wa wanyamapori, na yeyote mwenye kiwanja chenye miti ambaye ameona ndege mdogo mweusi na mweupe akirukaruka matawini, kisha akashindwa kumpa jina. Maswali mengi yanayotufikia yanahusu ndege huyohuyo mmoja, au tuseme ukoo huohuo mmoja. Jibu letu kwa karibu yote ni lilelile: mtafute jike, halafu tazama umesimama katika pori la aina gani. Mengine ni maelezo.

Nimeona ndege mdogo, tumbo jeupe, ukanda mweusi kifuani, jicho la manjano. Ni nani huyo?

Kama kichwa chake kilionekana kikubwa kwa mwili ule, mkia ukawa mfupi, na machoni amepitisha barakoa nyeusi kutoka mdomoni hadi nyuma ya shavu, huyo ni batisi, ndege wa jenasi Batis. Urefu wake ni sentimita 12 hivi na uzito ni gramu 10 hivi. Utosi na mgongo ni wa kijivu. Bawa ni jeusi, lina mchirizi mweupe ambao utauona hata akiwa juu mtini, na mkia mweusi una kingo nyeupe. Mdomo ni mweusi, bapa kidogo, na una ncha iliyopinda.

Anayeonekana na watu wengi zaidi huku bara ni Batis molitor. Hapa tutamwita batisi kidoti, kwa sababu ya doa la hudhurungi lililo kidevuni mwa jike. Yuko kuanzia Sudan Kusini na Uganda, akapita Kenya, Rwanda, Burundi, Tanzania na kusini mashariki mwa Kongo, akafika hadi Afrika Kusini, Namibia na Angola. Kwa hiyo ukiwa Naivasha, Tarangire, Ziwa Mburo, Akagera au pembezoni mwa Lubumbashi, yeye ndiye wa kumfikiria kwanza.

Nitajuaje dume na jike?

Angalia kifua. Dume ana ukanda mweusi tii uliokata kifua cheupe, na koo lake lote ni jeupe. Jike ana ukanda wa hudhurungi, na kwa batisi kidoti jike ana pia lile doa la hudhurungi chini ya mdomo, limekaa peke yake juu ya koo jeupe. Mipaka ya doa hilo ni safi, kama limepigwa muhuri.

Makinda yaliyotoka kiotani karibuni hufanana na mama yao lakini mgongo una madoadoa ya kahawia, na dume kijana anaweza kuwa na rangi ya kahawia kifuani kabla weusi haujakamilika. Ndege wa namna hiyo ukimwona, subiri. Wazazi wake hawako mbali.

Kwa nini kila mara mnasema "mtafute jike"?

Kwa sababu madume wa batisi wanafanana mno. Ukiwapanga madume wa aina tano au sita, wote watakuwa na mgongo wa kijivu, barakoa nyeusi na ukanda mweusi. Tofauti zao ni za kuhesabu milimita za mkia au kupima kiwango cha weusi wa utosi, na hizo hazionekani kwa ndege anayehama tawi kila baada ya sekunde chache. Majike ndio waliogawana alama: mmoja ana doa, mwingine hana, wa tatu ana doa lililomwagikia kooni, wa nne ana kifua chenye rangi nyepesi ya mchanga.

Kwa bahati nzuri batisi huishi wawiliwawili. Ukimwona dume, jike kwa kawaida yuko mti uleule au unaofuata. Watu wengi hupiga picha ya dume kwa sababu anapendeza zaidi, wanafurahi, wanaondoka. Mwongozaji mzuri humwonyesha mgeni wake dume, kisha macho yake mwenyewe yanabaki kumsaka jike.

Kuna batisi wa aina ngapi huku kwetu, na nitawatenganishaje?

Wako kadhaa, lakini hakuna mahali utakapowakuta wote pamoja. Ndiyo maana tunapenda kuanza na mahali ulipo badala ya kukupa orodha.

Ukiwa nyanda za juu na nyika zenye miti za Kenya ya kati na magharibi, au Tanzania ya kaskazini, kati, magharibi na kusini magharibi, ni batisi kidoti, mpaka ithibitike vingine.

Ukishuka kwenye nyika kavu za Tsavo, au ukipanda Samburu na kaskazini yake, mawazo yahamie kwa Batis perkeo. Huyu ni mdogo zaidi, mkia wake ni mfupi, na hukaa kwenye miti ya miiba na vichaka vya mikambala. Jike wake ana ukanda mwepesi wa hudhurungi kifuani na hana doa kidevuni. Kaskazini kabisa mwa Kenya yuko pia Batis orientalis, na hapo hata wazoefu hukuna vichwa.

Batisi wenye utosi mweusi, au wa kijivu kilichokolea sana, nao ni wawili. Upande wa magharibi, yaani Uganda, magharibi mwa Kenya, Rwanda na Burundi, ni Batis erlangeri. Upande wa mashariki, kuanzia kusini mwa Somalia kushuka pwani ya Kenya hadi kaskazini mashariki mwa Tanzania, ni Batis minor, ambaye jamii ndogo yake (subspecies) ya huku imepewa jina la kisayansi suahelica. Majike wa wote wawili wana ukanda uliokolea na hawana doa kidevuni. Kwa hiyo ukikutana na jike asiye na doa huko magharibi, mahali batisi kidoti naye anapopatikana, geukia utosi wake kabla ya kuandika chochote.

Kwenye milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, misitu ya Bwindi, Nyungwe, Kahuzi-Biega na mfano wake, anaishi Batis diops. Yeye anavunja sheria yetu yote: dume na jike wote wana ukanda mweusi, na wote wana vidoa viwili vyeupe juu ya mdomo. Lakini huko hakusumbui, kwani anaishi ndani ya msitu wa mlimani ambako batisi kidoti haingii.

Wanabaki wa pwani na wa milima ya Tanzania, na hao wanastahili swali lao.

Nilikuwa Arabuko-Sokoke na mwongozaji akataja batisi wawili tofauti ndani ya saa moja. Inawezekanaje?

Inawezekana, na ni mahali pazuri kuliko pote pa kujifunzia jambo hili. Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi, ina ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na kwa mbali unaonekana msitu mmoja. Ukiingia ndani utakuta misitu mitatu. Upande wa mashariki, ule wa karibu na barabara ya Mombasa–Malindi, ni msitu mchanganyiko wenye majani mazito. Katikati umepita ukanda wa mirihi, yaani Brachystegia, ulioota juu ya mchanga mweupe usio na rutuba. Miti imeachana, jua linafika chini, na unaweza kuona hatua nyingi mbele yako. Ukiendelea magharibi udongo unageuka mwekundu, na hapo unaanza msitu wa Cynometra: miti mifupi iliyosongamana, vichaka, giza.

Batis soror, batisi wa pwani, anakaa kwenye mirihi. Batis mixta, batisi wa msituni, anakaa kwenye Cynometra na ule msitu mchanganyiko. Kwa hiyo kabla ya kuinua darubini, inamisha macho uangalie unachokanyaga. Mchanga mweupe na jua mabegani: tarajia Batis soror. Udongo mwekundu na matawi yanayokukwaruza mikono: tarajia Batis mixta. Mpakani mwa aina mbili za msitu lolote linawezekana, lakini hata hapo ndege atakupa alama za kutosha.

Alama zenyewe ni hizi. Batis soror ni kama batisi kidoti aliyefifia. Dume ana vitone vyeusi na vyeupe mgongoni na kiunoni, na jike ana ukanda mwepesi wa hudhurungi ambao kingo zake hazieleweki. Doa la kidevuni lipo, ila limesambaa kama rangi ya maji iliyoguswa ikiwa mbichi. Batis mixta ana mkia mfupi sana, kiasi kwamba akitulia anaonekana kama mviringo tu wenye mdomo. Jicho lake huelekea rangi ya chungwa au wekundu, si manjano, na jike wake ana rangi ya hudhurungi iliyotapakaa kooni, kifuani na bawani, pamoja na ushi mwembamba mweupe juu ya jicho. Ukimwona jike huyo hutahitaji kubahatisha.

Zamani baadhi ya wataalamu walimhesabu Batis soror kuwa jamii ndogo tu ya batisi kidoti, na ukishika vitabu vya zamani utamkosa. Anaanzia Sokoke, anashuka pwani yote ya Tanzania hadi Msumbiji, na huingia hadi Malawi na mashariki mwa Zimbabwe.

Na wale wa milima ya Tanzania?

Hii ni habari ya karibuni kuliko wengi wanavyodhani. Kwa miaka mingi batisi wa misitu ya Milima ya Tao la Mashariki walihesabiwa wote kuwa Batis mixta. Mwaka 2006 Jon Fjeldså, Rauri Bowie na Jacob Kiure walionyesha kwamba ndege wa milima ya kusini, Udzungwa wakiwemo, ni aina nyingine, wakaiita Batis crypta. Alikuwa ameonwa, ameandikwa na amehifadhiwa makumbusho kwa jina la mwenzake muda wote huo. Ukiwa Usambara, yaani Amani na Lushoto, una Batis mixta. Ukiwa Udzungwa, andika Batis crypta. Kusini mashariki kabisa, kwenye misitu ya nyanda za Rondo mkoani Lindi, yuko Batis reichenowi, ambaye wataalamu bado wanabishana kama asimame peke yake au la.

Pori la miombo ni pori la namna gani hasa, na nimtafute sehemu gani ya mti?

Miombo ni pori la wazi linalotawaliwa na miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia. Ndani yake utakuta mninga, na chini ni nyasi ambazo moto hupita karibu kila kiangazi. Linafunika sehemu kubwa ya Tabora, Katavi, Rukwa, Ruvuma na Lindi, likavuka mpaka kuingia Zambia, Msumbiji, Malawi na Katanga. Taji za miti zinakaribiana lakini hazifungi, kwa hiyo mwanga unashuka. Mwezi Septemba au Oktoba, mvua ikiwa bado haijaanguka, miti huchipua majani mapya yenye rangi ya shaba na damu ya mzee, na pori zima hubadilika sura kwa wiki chache. Viwavi hufuata majani hayo, na ndege hufuata viwavi.

Batisi kidoti hapendi msitu uliofunga. Anataka miti iliyoachana yenye matawi madogomadogo mengi. Humkuti chini kwenye nyasi, na mara chache utamkuta kileleni kabisa kama mlamba anayependa kukaa mahali pa wazi. Mtafute ngazi ya katikati, ndani ya majani, lakini upande wa nje wa taji, pale vijiti vinapokuwa vyembamba. Atatua, atakaa wima, atainamisha kichwa kushoto, kulia, akichungulia chini ya majani yaliyo juu yake. Halafu ataruka ghafla mita moja au mbili, atachukua mdudu kwenye jani, na atatua kwingine. Mabawa yake hutoa mlio wa "frrp" anapohama, na siku tulivu mlio huo ndio utakaokuambia yupo kabla hujamwona.

Nje ya miombo utamkuta kwenye migunga, kando ya mito ya nyika, na kwenye mashamba ambayo bado yana miti ya asili.

Anakula nini?

Wadudu na buibui: mbawakawa wadogo, nondo, viwavi, nzi, panzi wachanga. Huwachukua zaidi kwenye majani na vijiti kuliko hewani.

Basi kama hadaki nzi hewani, kwa nini anaitwa ndege mdaka nzi?

Mazoea tu. Mdomo bapa na vinyweleo vilivyozunguka pembe za mdomo viliwafanya watu wa zamani wamweke fungu moja na wadaka nzi wa kweli wa familia ya Muscicapidae. Siku hizi yuko kwenye familia ya Platysteiridae, na jamaa zake wa karibu wako upande wa kipwe na ndege wenye kofia ya manyoya wa jenasi Prionops. Kwa anayetambua ndege porini jambo hili lina faida moja: tabia zao ni tofauti. Mdaka nzi wa kweli hukaa mahali pa wazi ametulia tuli, akaruka nje kumfuata mdudu, akarudi palepale au karibu yake. Batisi hatulii, na akiondoka kwenye tawi usimngoje arudi.

Ni ndege gani watu huwachanganya naye?

Wa kwanza ni kipwe mweusi na mweupe, Dryoscopus cubla. Ni mkubwa zaidi, jicho lake ni jekundu, hana ukanda kifuani, na dume akijitutumua mgongo wake unageuka mpira wa manyoya meupe. Ukubwa pekee ungetosha, ila ukubwa hudanganya ndege akiwa juu ya mgunga na jua liko nyuma yake.

Wa pili ni jamaa zake wa jenasi Platysteira. Nao wana weusi na weupe, lakini juu ya jicho wana kipande cha nyama nyekundu kinachoonekana vizuri. Hawa hupenda kando ya mito, bustani zenye majani mazito na mikoko. Ukiona nyama nyekundu, funga mjadala.

Wa tatu ni wadaka nzi wa kweli wenye rangi ya vumbi. Muscicapa adusta ni mdogo, wa kijivu-kahawia kote, mkaazi wa nyanda za juu, na hata bustani za Nairobi na Arusha yumo. Muscicapa striata ana michirizi kifuani na hutujia kutoka Ulaya na Asia. Yuko huku takriban Oktoba hadi Aprili. Ukiniambia umemwona Julai nitakuomba uangalie tena. Batisi hahami. Yuko mwaka mzima.

Sauti yake ikoje?

Kwa batisi kidoti sauti ni msaada mkubwa kuliko picha. Dume hupiga miluzi mitatu, kila mmoja uko chini kidogo ya uliotangulia: "tii… tuu… tuu", polepole, kwa sauti nyembamba inayofika mbali kuliko unavyodhani. Wakati mwingine huwa miwili, wakati mwingine huongeza. Akikasirika hutoa sauti ya kukwaruza na kugonganisha mdomo, "tk-tk-tk".

Batis soror yeye hurudia mluzi mfupi mmoja usiobadilika, tena na tena, bila kushuka ngazi. Batis mixta hupiga firimbi laini ya chini, polepole, ambayo mtu asiyeijua hudhani inatoka mbali kumbe ndege yuko juu ya kichwa chake. Kwenye tovuti ya xeno-canto utazipata zote bure. Zisikilize ukiwa nyumbani kwanza, moja baada ya nyingine, siku ile ile, ili sikio lipate mahali pa kulinganisha.

Naweza kumpigia sauti kwenye simu ili aje karibu?

Anakuja, na anakuja haraka. Batisi ni mkali juu ya eneo lake. Tatizo ni hilo hasa. Dume anayedhani kuna mvamizi huacha kula na kuacha kumlisha jike, akaanza kuzunguka akimtafuta adui asiyekuwepo. Kwenye hifadhi zinazotembelewa na makundi kila siku, ndege yuleyule wa kando ya njia hupigiwa sauti na kila kundi. Maoni yetu: msimu wa kiota, usipige kabisa. Nje ya msimu huo, mara moja fupi inatosha, na akishaonekana zima.

Kuna waongozaji wanaoiga mlio wa bundi mdogo wa mchana, Glaucidium perlatum. Ndege wadogo hukusanyika kumzomea, batisi wakiwemo mstari wa mbele. Inafanya kazi sana, ila nayo ni usumbufu uleule kwa kundi zima badala ya ndege mmoja, kwa hiyo isiwe kila kona.

Nimetembea miombo saa nzima bila kuona ndege hata mmoja. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Miombo huwa hivyo. Ndege wake wadogo hutembea kwa makundi mchanganyiko, na pori lote lililobaki linakuwa kimya. Unaweza kupita kilomita nzima huna kitu, halafu mti mmoja ukajaa: Prionops, mlamba, kigogota, chozi, kipwe, na batisi wawili wako hapo katikati. Dakika kumi baadaye wamepita.

Kwa hiyo tembea taratibu, sikiliza, na ukisikia milio ya ndege zaidi ya mmoja, simama hapo hapo. Usikimbilie kuhesabu. Ndege wakubwa wenye kelele hupita kwanza machoni, na mtu akiwafuata hao anawapoteza wadogo. Chagua mti mmoja wenye vijiti vyembamba ukae nao. Asubuhi kuanzia jua linapochomoza hadi saa nne ndio muda wenye faida. Baada ya hapo joto huwatuliza hadi alasiri. Miezi ya kiangazi, majani yakiwa yamepukutika, kuona ni rahisi.

Kiota chake kikoje, na nikikipata nifanye nini?

Kiota ni kikombe kidogo mno, kimewekwa kwenye panda ya tawi. Kimefumwa kwa nyuzi za mimea, kikafungwa kwa utando wa buibui, na nje kimebandikwa vipande vya laikeni, vile vigaga vya kijivu-kijani vinavyoota juu ya magome. Ukikiangalia kutoka chini unaona fundo la mti. Ukikiangalia kwa darubini bado unaona fundo la mti, mpaka mkia wa jike utokeze pembeni.

Mayai kwa kawaida ni 2, ingawa yanaweza kupungua hadi moja au kufika 4. Jike ndiye anayeatamia, kwa siku 16 hadi 18, na dume humletea chakula hapo. Mara nyingine kekeo mdogo wa kijani, Chrysococcyx klaas, hutaga ndani yake, na utakuta batisi wawili wenye gramu 10 wakihangaika kumlisha mtoto anayewazidi ukubwa.

Ukikipata, rudi nyuma. Usikate tawi ili upate picha safi: majani yale ndiyo kivuli na ndiyo ukuta. Usiweke mahali halisi kwenye mitandao.

Ana uhusiano na bustani yangu? Nina mikaratusi na miembe.

Miembe inaweza kumpa pa kupita. Mikaratusi mitupu humpa kidogo sana, kwa kuwa wadudu wa hapa walio kwenye majani yake ni wachache. Anachotaka ni miti ya asili, hata michache: mgunga, mkwaju, mninga, mrihi kwa walio pwani. Buibui waache, maana bila utando wao hana cha kufungia kiota. Na dawa ya kupulizia wadudu huondoa chakula chake chote kwa siku moja.

Je, yuko hatarini?

Batisi kidoti, hapana. Ameenea sana na anavumilia mashamba yenye miti. Wanaotia wasiwasi ni wale waliofungiwa kwenye misitu midogo, hasa wa milima ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani, kwa sababu msitu wao ukikatwa hawana kwa kuhamia.

Kwa miombo adui mkubwa ni mkaa, pamoja na kufyeka kwa ajili ya mashamba. Lakini miombo ina tabia moja inayoleta matumaini ya kweli: visiki vyake huchipua. Pori lililokatwa likaachwa, bila kuchomwa kila mwaka na bila kung'olewa mizizi, hurudi kuwa miti. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao wenyewe, na pale kijiji kinapokuwa na msitu wake na walinzi wake, unaona tofauti kwa macho ukivuka mpaka tu.

Ninunue darubini gani?

8x42, au 8x32 kama bega lako halipendi uzito. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usidanganyike na namba kubwa. Ukiwa na 12x, mkono ukitetemeka kidogo tu huoni kitu, na batisi hakusubiri utulie. Kwenye picha, simu haitoshi kwa ndege huyu, ila inarekodi sauti vizuri. Rekodi sauti.

Nina picha ya dume tu, jike sikumwona. Niandike nini?

Andika mahali, tarehe, aina ya pori na miti uliyoitambua, halafu angalia ramani. Kama ulikuwa Tarangire, ambako batisi kidoti ndiye wa kawaida, na utosi wa ndege wako ulikuwa wa kijivu, jina lake linaweza kusimama. Kama ulikuwa Tsavo, au mpakani mwa pwani na bara ambako wawili au watatu hukutana, andika batisi tu, bila aina. Programu ya eBird, ya kuandikia ndege ulioona, inakubali rekodi ya namna hiyo, na wahariri wa takwimu huifurahia kuliko jina la kubahatisha. Kenya Bird Map nayo hupokea orodha za wananchi, na wakaazi wa Nairobi wanaweza kwenda kwenye matembezi ya ndege ya Nature Kenya, ya Jumatano asubuhi kutoka Makumbusho ya Taifa, ambako mtu mwenye picha ya dume peke yake atapata watu wengi wa kubishana naye.